Mti ulioanguka: meza huharibikia kwenye kukausha, si kwenye randa

Mti ulioangushwa na upepo au uliokatwa kupisha ujenzi unaweza kukupa ubao mpana ambao ni shida kuupata dukani. Lakini fanicha nyingi za miti hiyo huharibika kabla randa haijaguswa.

Maji hutoka haraka zaidi kwenye ncha za gogo kuliko ubavuni. Ncha zikisinyaa huku katikati kungali kubichi, mti unapasuka. Paka ncha zote mbili nta iliyoyeyushwa au rangi nzito, mara mbili, siku ile ile ya kukata. Ukichelewa wiki, nyufa zimeshaingia na hakuna rangi ya kuziziba. Acha pia ziada: kwa meza ya mita 2, ongeza angalau sentimita 15 kila ncha.

Kabla ya kupasua, pitisha kifaa cha kutambua chuma. Miti ya uani humeza misumari na waya, na doa la bluu iliyokolea kwenye ncha mara nyingi ndiyo dalili yake, kwa sababu chuma hukutana na tanini, kemikali ya asili iliyo ndani ya mti.

Kwa meza yenye unene wa sentimita 5, pasua ubao wa sentimita 6. Usiache moyo wa mti, yaani kitovu cha pete zake, ndani ya ubao. Mti husinyaa kufuata pete zake karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka moyoni kwenda kwenye gome, kwa hiyo ubao wenye moyo utapasuka tu. Uchane katikati, utoe moyo, ubaki na vipande viwili vizima. Gome nalo libandue, maana bungua hupenda kukaa chini yake.

Kwenye kupanga mbao zikauke ndiko watu wanakofanya haraka. Inua rundo sentimita 40 kutoka ardhini, chini ya paa, pande zikiwa wazi kwa upepo. Kati ya ubao na ubao weka fito kavu za sentimita 2, kila baada ya sentimita 40 hadi 50, na kila ufito ukae juu kabisa ya mwenzake wa chini. Ufito mmoja ukitoka kwenye mstari, ubao hujipinda pale pale, na upindo huo hautoki kwa kubanwa na jiriwa. Juu kabisa weka mawe mazito.

Mafundi huhesabu mwaka mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Hayo ni makadirio. Mimi nasema pima. Kata kipande kidogo kwenye ubao wa ziada wa rundo hilo, angalau sentimita 30 kutoka ncha, kipime uzito, kikaushe kwenye oveni ya nyuzi 103 mpaka uzito uache kushuka. Kikianza na gramu 130 na kuishia 100, maji ni asilimia 30 ya uzito mkavu: bado sana. Kwa fanicha ya ndani lenga asilimia 8 hadi 12.

Hata ukikauka, ubao mpana hutanuka na kusinyaa kwa upana kadiri unyevu wa hewa unavyobadilika. Usiugandishe kwa gundi kwenye fremu. Tumia skrubu: ya katikati ikaze imara, za pembeni zipite kwenye matundu marefu yaliyolala kufuata upana wa ubao, zikiwa na washa (kibati cha duara chenye tundu). Vanishi ipake juu na chini mara zile zile. Upande wa chini ukiachwa mtupu hunywa na kutoa unyevu peke yake, na meza hubonyea kama sahani.