Sindano Ifunguliwe Mbele ya Macho Yako

Kuna msomaji kaniandikia wiki hii na ujumbe wake umeninyima usingizi. Ana mimba ya miezi mitano na hajakanyaga kliniki. Si kwamba anaogopa majibu. Anachoogopa ni ile sindano ya maabara. Akiwaza foleni ya watu wote wanaotolewa damu kwenye chumba kimoja, anajiona akitoka mlangoni na ugonjwa aliokuwa hana. Ameniamkia kwa heshima zote, akaomba nisimseme.

Marahaba, mdogo wangu. Nikuseme kwa lipi? Hofu hiyo naijua inavyoanza: viganja vinalowa jasho, moyo unakwenda mbio, mara unakumbuka kuna jambo uliliacha nyumbani. Nimeishi nayo miaka mingi. Ninaandika leo kwa sababu mwezi uliopita nimetolewa damu ya vipimo vyote, sukari, figo, ini, mafuta na wingi wa damu, nikiwa nimekaa wima na macho yangu yako kwenye sindano. Kwa jinsi nilivyokuwa, hiyo ni hatua kubwa na najivunia.

Mimi ni mzaliwa wa Kagera, mkoa walikotambuliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu, mwaka 1983. Ukoo wetu umezika. Enzi hizo mabomba ya kioo yalikuwa yanachemshwa kwenye sufuria kisha yanatumika kwa mwingine. Zilipokuja sindano za plastiki, mama yangu alikuwa akinunua zake dukani, anazifunga kwenye kitambaa na kwenda nazo hospitali kila mmoja wetu alipougua. Hakutueleza mengi. Mtoto akiona mama yake haiamini sindano ya hospitali, naye haiamini, basi.

Miaka ya shule na chuo naipita. Kilichoniumiza zaidi kilinipata ukubwani. Niliingia maabara moja, nikamwomba mhudumu kwa adabu anioneshe sindano kabla hajaifungua. Akapaza sauti hadi waliokaa kwenye benchi nje wakasikia, akaniuliza kama nimekuja kumfundisha kazi au namwona yeye muuaji. Nikashusha mkono wa gauni, nikatoka. Ni zamani sasa, lakini bado linauma. Ninyi mnaofanya kazi hiyo, mkinisoma, naomba mlijue hili: kumwonesha mgonjwa pakiti hakuwapunguzii kitu, ila karipio moja linaweza kumfukuza mtu hospitali kwa miaka.

Aliyenitoa huko ni mzee mmoja mstaafu wa maabara, jirani yetu. Hakunihubiria. Alileta mezani kwangu sindano mpya na chupa tupu ya damu yenye kofia ya zambarau, akaniambia, shika. Sindano ile ina ncha mbili, kila moja imefunikwa na plastiki yake, na pale vifuniko viwili vinapokutana pamezungushiwa karatasi nyembamba. Huwezi kuifungua bila kuichana hiyo karatasi. Nikapindisha, ikakatika kwa mlio mdogo. Ncha moja inaingia kwenye mshipa, ya pili inatoboa mpira wa kofia. Hewa ya ndani ya chupa imeondolewa kiwandani, kwa hiyo chupa ndiyo inayovuta: damu inatoka kwako inakwenda kule. Hapo hudungwi dawa wala kitu chochote. Chupa ikijaa, inachomolewa, na sindano nzima inakwenda kwenye boksi la njano la kutupia vyenye ncha. Nilikaa na ile karatasi iliyochanika mkononi, nikaelewa kwamba jambo nililoliogopa maisha yangu yote linaweza kuonekana kwa macho.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kusema kweli ndio mkubwa: omba sindano ifunguliwe mbele ya macho yako. Sema tu, "Naomba nione ukiifungua." Wakitumia bomba la kawaida, angalia pakiti yake iwe nzima, haijatoboka wala kulowana. Kwa kipimo cha kidole, kama cha malaria, kile kisindano nacho kina kifuniko chake cha kung'olewa. Ukishaona imefunguliwa mbele yako, waachie wafanye kazi yao. Ule mpira wa kufunga mkono na kile kiti walichokalia wengine visikusumbue, maana virusi vya UKIMWI (VVU) havipenyi ngozi isiyo na jeraha.

Sitakudanganya kwamba hofu yetu haina mzizi. Misri waliwadunga watu sindano za kutibu kichocho kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1980, sindano zikarudiwa kutumika, na homa ya ini C ikaenea nchi nzima. Kambodia, kijiji cha Roka, mwisho wa 2014 iligundulika kuwa watu zaidi ya 200 wameambukizwa VVU. Mtu aliyekuwa akiwatibu bila leseni na kurudia sindano alifungwa miaka 25. Lakini tazama kilichowaua: sindano iliyorudiwa. Sindano mpya iliyofunguliwa mbele ya macho yako haina damu ya mtu; itakupa nini? Hata mhudumu anayejichoma kwa bahati mbaya na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU, kwa wastani wanaoambukizwa ni kama 3 kwa kila 1,000, na akiwahi dawa ya kinga ndani ya saa 72 hatari inashuka zaidi. Homa ya ini B ndiyo kali: kwa asiyechanjwa, mchomo wa namna hiyo unaweza kuambukiza watu 6 hadi 30 kwa kila 100, na kirusi chake kinaishi nje ya mwili hata siku saba. Hiyo ina chanjo, dozi tatu. Nendeni mkachanje, watu wazima mnaisahau.

Ninachowaomba sana mkiangalie kiko nyumbani kwetu. Mashine ya sukari ya babu inazunguka ukoo mzima siku ya sikukuu, kila mtu anajipima, na kile kikalamu cha kutobolea kidole ni kimoja. Wengine hata kisindano hawabadilishi. Tunaogopa maabara kisha tunachangia kikalamu sebuleni! Kikalamu ni cha mtu mmoja, hata ukibadilisha kisindano. Mlikatae jambo hilo bila aibu, kama vile mtakavyoomba sindano ifunguliwe mbele yenu.

Nawe mdogo wangu, mtoto uliyembeba hawezi kusubiri hofu iishe. Kliniki watapima VVU, kaswende, kundi la damu na wingi wake. Uliza na homa ya ini B. Mama mwenye VVU asiyetibiwa, hatari ya kumwambukiza mwanawe ni kati ya 15 na 45 kwa kila 100. Akitibiwa vizuri inashuka chini ya 5. Faida ya namna hiyo utaikosa kwa kuogopa sindano? Nenda Jumatatu, kunywa maji ya kutosha ili mshipa uonekane, vaa nguo ya mikono mifupi, nenda na mama au dada. Ukifika kwenye kiti, omba sindano ifunguliwe mbele ya macho yako. Wakikufokea, usiondoke kama nilivyoondoka mimi; mkuu wa maabara yupo, muulizie.