Maswali ya wabunifu: kijani kilichofifia, maandishi ya juani na nembo ya muhuri

Nembo ya mteja wangu ni kijani kinachong'aa. Kwenye simu inapendeza, lakini kadi za biashara zimetoka na kijani kilichofifia, na sasa hataki kulipa. Kosa ni la nani? (Mwanza)

Mashine haikukosea. Skrini huunda rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu, yaani RGB; karatasi inategemea wino wa CMYK: samawati, majenta, njano na nyeusi. Kijani kikali kama #00FF00 (namba ya rangi kwenye skrini) hakipatikani kabisa kwa wino huo, kwa hiyo mashine huchukua kilicho jirani. Figma, programu ya kuchorea skrini, inachora kwa RGB, na faili likitoka humo moja kwa moja hadi kwa mchapaji, rangi hubadilishwa bila wewe kuona.

Fungua nembo kwenye Illustrator, programu ya kuchora nembo, badili hali ya rangi iwe CMYK, kisha weka viwango vya wino mwenyewe, kwa asilimia. Anza na C 80, M 0, Y 100, K 0 na urekebishe. Omba kadi moja ya majaribio, kwenye karatasi ileile, kabla hujaruhusu kadi 500, na mteja aisaini. Kadi ya milimita 90 kwa 55 iandae 96 kwa 61, maana milimita 3 kila upande ni za kukatwa. Usipoziacha, kisu kikihama kidogo utaona mstari mweupe ukingoni. Namba ya simu na maandishi mengine madogo yawe K 100 tupu, yaani wino mweusi peke yake. Ukichanganya wino zote nne, rangi zisipokaa sawasawa juu ya nyingine, herufi zinaota kivuli.

Kuhusu malipo: kama mteja hakuonyeshwa sampuli ya karatasi, gharama ya kurudia ibebe wewe. Inauma, lakini yeye aliidhinisha alichokiona kwenye simu.

Madereva wa bodaboda wanaotumia programu yetu wanasema mchana hawasomi kitu. Maandishi ni kijivu #999999 juu ya nyeupe. (Nairobi)

Wanasema kweli. Kijivu hicho juu ya nyeupe kina utofauti wa 2.85 kwa 1, ilhali WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti na programu zisomeke na watu wote, unataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. #767676 inavuka mstari huo kwa shida. Kwa mtu aliye barabarani tumia #595959, inayofika 7 kwa 1. Kisha toka nje saa saba mchana na simu ya bei nafuu, mwanga wa skrini ukiwa nusu, ujaribu kusoma bei ya safari. Vitufe navyo visipungue dp 48 (dp ni kipimo cha skrini za Android) kwa urefu na upana, takriban milimita 9. Dereva anabonyeza kwa dole gumba huku mkono mwingine uko kwenye usukani.

Tulichora skrini kwa Kiingereza, tukatafsiri mwishoni. Sasa maneno yanakatika ndani ya vitufe. (Dar es Salaam)

“Log out” inachukua nafasi 7, “Toka kwenye akaunti” inachukua 19. Msipunguze fonti. Kwenye Figma wekeni Auto Layout, inayofanya kitufe kinyooke kufuata neno, pikseli 16 kila upande wa neno, na upana ufuate maandishi. Vitufe viwili visipoenea sambamba kwenye skrini ya upana wa pikseli 360, vipangeni kimoja juu ya kingine. Mara nyingi “Toka” peke yake inatosha. Skrini inayofuata ianzeni kwa Kiswahili.

Mteja anadai “faili lenyewe” la nembo. Nimpe nini? (Mombasa)

SVG na PDF zenye vekta, yaani michoro inayokuzwa bila kupoteza ubora, maandishi yakiwa yamegeuzwa kuwa maumbo ili fonti isibadilike kwa mchapaji. PNG, yaani faili la picha, isiyo na usuli (rangi ya nyuma). Na toleo la rangi moja. Hilo la mwisho wengi hulisahau mpaka mteja aende kutengeneza muhuri. Lijaribu kwa kulichapa kwa sentimita 2, jeusi tupu: rangi za kufifia zitapotea na mistari myembamba itazibwa na wino. PNG ya pikseli 800 pekee haitoshi, kwani kwa nukta 300 kwa inchi haifiki hata sentimita 7. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati. Ukituma kama picha, itabanwa na kupoteza ubora.