Hadithi ya mchezo wa video iandikwe lini?

Ndugu, umeuliza iwapo ukamilishe hadithi yako yote kabla ya kuwakabidhi waandaaji wa programu. Nakushauri usifanye hivyo, kwa sababu mchezo hubadilika kila unapojaribiwa, na sura uliyoihangaikia mwezi mzima huweza kufutwa pamoja na hatua ya mchezo iliyoibeba. Tazama Hades, mchezo wa kampuni ya Supergiant Games, ulioanza kuuzwa mwaka 2018 ukiwa haujakamilika, ukakamilika 2020: kila Zagreus, mhusika anayeongozwa na mchezaji, anapokufa hurudi nyumbani kwa baba yake, ambako wahusika humsemesha kuhusu kifo hicho, hivyo kushindwa kwa mchezaji (jambo ambalo kwingine huudhi tu) kunaisogeza hadithi mbele. Kwa sasa andika muhtasari wa ukurasa mmoja, nawe ukae na timu tangu mwanzo. Mazungumzo yasubiri kanuni za uchezaji zitulie.