Kobe sebuleni, Tabora

Ndugu, umeuliza kama beseni litamtosha kobe wako sebuleni. Halimtoshi. Mtengenezee sanduku la mbao, mita 2 kwa 1, na lisiwe la kioo: akiona nje atakwaruza kutwa nzima akitafuta njia (wangu alinikosesha usingizi wa mchana). Chini mwaga udongo, sentimita 10 hivi, apate kuchimba. Kona moja taa ya joto, nyuzi 32 hadi 35, kona ya pili kivuli. Ila jua la dirishani usilitegemee, kioo huzuia miale inayomsaidia kujenga gamba. Mtoe uani asubuhi, jua la Tabora halina bili. Chakula ni nyasi na magugu, siyo ugali. Na kibali cha wanyamapori unacho?