Vidonge vya vitamini C vilivyogeuka kahawia

Dada, umeuliza kama vidonge vya vitamini C ulivyoviacha dirishani jikoni, vikageuka kahawia, bado vinafaa. Usivitumie. Asidi askobiki, yaani vitamini C yenyewe, huyeyuka kwenye maji na huungana upesi na oksijeni. Joto, mwanga na huu unyevu wetu wa Dar huharakisha kuharibika kwake. Rangi hiyo ni dalili kwamba nguvu imepungua. Kopo jipya lifunge vizuri, liweke kabatini chumbani, mbali na jiko.

Na tafadhali usimeze vingi ili kufidia! Ziada hutoka kwa mkojo, ni kweli, lakini mtu mzima akizidisha miligramu 2,000 kwa siku anaweza kuharisha, na aliyewahi kupata mawe ya figo anajiongezea hatari. Mwanamke anahitaji kama 75 tu. Pera moja la Buguruni linatosha kabisa.