Shangazi, hiki kitambaa cha Panama kimeshonwaje?

SWALI: Shikamoo shangazi. Kaka yangu ni baharia, juzi kaniletea kitambaa toka Panama wanakiita mola, kina wanawake wanatwanga, mtumbwi, minazi na mtu kalala kwenye bembea ya kamba. Nilidhani kimechapwa kama kanga, kumbe nikipapasa kina mabonde mabonde. Mume wangu anasema tukitandike mezani. Ni kazi ya nini hii?
– Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, mezani usikiweke kabisa, mchuzi ukimwagika hapo utalia! Hiyo ni kazi ya akina mama wa Kiguna, wengine huandika Kuna, wanaoishi Guna Yala, visiwa vidogovidogo vya upande wa Karibi huko Panama, na kwa lugha yao mola maana yake ni nguo tu, ni kile kipande cha kifuani au mgongoni kwenye blauzi yao. Hayo mabonde ndo ufundi wenyewe: anapanga vitambaa vya rangi mbili tatu au zaidi, kimoja juu ya kingine, halafu anakata cha juu kwa mkasi ili rangi ya chini ichungulie, anakunja ukingo kwa ndani na kuushona kwa mkono, uzi rangi ileile ya kitambaa, mishono midogo mpaka huioni. Kigeuze nyuma utaiona yote. Mola moja inaweza kula wiki kadhaa, ndo maana mi naumia watu wakibishana bei.

Zamani michoro ile waliipaka mwilini, vitambaa vya madukani vilipofika ndo ikahamia kwenye nguo. Na wanachora wanachokiona: jiko, samaki, ndege, sherehe ya binti aliyevunja ungo. Serikali ya Panama iliwahi kuwalazimisha waache mavazi yao, polisi wakiwasumbua wanawake vijijini, na hilo ni moja ya mambo yaliyowafanya Waguna wanyanyuke mwezi wa pili 1925, leo wana eneo lao wanalojiendeshea wenyewe. Kwa hiyo hapo umeshika nguo ambayo watu waliigombania.

Ikichafuka fua kwa mkono, maji baridi, anika kivulini. Mi ningeitia fremu, mbali na jua la dirishani. Alafu muulize kaka yako kama aliiona mwenzake, maana blauzi ina mbili, ya mbele na ya nyuma, zinafanana ila fundi hubadilisha kitu kidogo, pengine kwenye ya pili huyo wa kwenye bembea kashaamka.