Daftari la kuanguka

Mhariri, wiki hii mmetuuliza ni maandishi gani ya mikono yetu yaliyowahi kubadilisha jambo. Swali lilinichekesha kidogo, maana mimi ni fundi cherehani, niliishia darasa la saba, na kwa miaka mingi nilichokuwa naandika ni vipimo vya wateja tu: kifua, kiuno, nyonga. Lakini jibu ninalo, liko juu ya kabati. Ni daftari moja na barua moja, vyote vya binti yangu mwenye kifafa. Jina lake silitaji, kwa sababu sasa ana miaka 11 na anasoma kila kinachoingia ndani, hata gazeti lililofungiwa maandazi.

Alianza kuanguka akiwa na miaka 6, alfajiri, bila homa yoyote, kwa hiyo hata waliokimbilia kusema ni degedege walinyamaza. Mimi ni mzaliwa wa Mahenge, mkoani Morogoro, na kwetu ugonjwa huu si mgeni. Umeenea kuliko sehemu nyingi za nchi, na wataalamu wanauhusisha na usubi, maradhi yanayoletwa na vile vijinzi vyeusi vinavyozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla mimi sijazaliwa, daktari mmoja mama kutoka Norwei, Louise Jilek-Aall, alikuwa ameshafungua kliniki ya kifafa hukohuko Mahenge. Pamoja na hayo, bibi yangu alikuwa na sahani ya bati iliyoning'inia peke yake nje ya jiko. Ilikuwa ya kaka yake. Alikuwa akila humo, peke yake, mpaka siku alipoanguka kwenye moto na waliokuwapo wakaogopa kumgusa kwa vile povu lilikuwa linamtoka.

Huyu wangu amezaliwa Morogoro mjini na chanzo cha kifafa chake hatukukijua. Lakini siku ile ya kwanza, nilipomwona amekakamaa pale kitandani, nilichokiona mbele yangu ni ile sahani.

Tulianza kliniki. Pale tulipokuwa tunakwenda, watu wa kifafa na watu wa afya ya akili wanapita mlango mmoja, na mimi benchini nilikuwa najifunika khanga hadi puani nisije nikaonwa na mteja. (Nilikuwa namficha nani, mtoto au mimi mwenyewe?) Kila tukiingia swali ni lilelile: "Ameanguka mara ngapi?" Nami najibu, "Nyingi tu." "Nyingi ngapi, mama?" Nne, labda sita. Tunaandikiwa fenobabitoni ileile, vidonge vilevile, haya, mwingine.

Aliyenizindua ni nesi mmoja mtu mzima. Alinivuta pembeni akaniambia watu kama saba katika kumi wenye kifafa wanaweza kukaa bila kuanguka kabisa, ila wapate dawa inayowafaa na kwa kiasi kinachowafaa. "Sasa sisi tutajuaje kama inamfaa, na wewe unatuambia nyingi tu? Kanunue daftari."

Nikanunua. Nikachora mistari kwa rula yangu ya kukatia nguo. Ukurasa wa pili umeandikwa hivi: "Jumatatu saa 12 asubuhi. Amekaa anavaa soksi. Mkono wa kulia umeanza kuchezacheza, macho yamevutwa kulia, halafu mwili mzima. Dakika 3. Amekojoa. Amelala hadi saa 4. Jana dawa ya jioni:" na hapo pameachwa wazi, maana niliona aibu kujaza.

Baada ya miezi mitatu yalikuwa matukio saba, na matano ni ya Jumatatu. Jumapili huwa tunashinda kwa shangazi yake Kihonda, tunarudi usiku, mtoto amelala mgongoni, nami nasema si vizuri kumwamsha kwa ajili ya kidonge. Miaka mitatu watu wananiambia ni jini la ukoo, kumbe sehemu ya jini hilo ilikuwa ni mimi na uvivu wangu wa Jumapili. Niliumia, sitadanganya.

Daktari alipolipokea lile daftari alilisoma lote, mara ya kwanza namwona anasoma kitu chetu. Akauliza, "Kila mara ni mkono wa kulia ndio unaoanza?" Nikamwambia, angalia mwenyewe. Akamwinua mtoto akampima uzito. Alikuwa na kilo 25, na dozi ilikuwa ya tangu ana kilo 18. Akaanza kumpunguzia ile dawa kidogo kidogo huku akimwingizia nyingine, kabamazepini, akanionya nisije nikaikata ya kwanza ghafla hata kama mtoto ameonekana mzima, kwani dawa hizi zikikatwa ghafla mtu anaweza kuanguka mfululizo.

Barua nayo ilikuwa ya shule. Alikuwa amerudishwa nyumbani darasa la tatu, "apumzike mpaka apone," eti anawatisha wenzake. Akakosa muhula mzima. Barua ya kwanza niliiandika kwa hasira. Baba yake akaisoma akasema, mama, hii ni ya kupeleka polisi. Ya pili niliomba na kulia hadi mwenyewe nikajionea huruma, nikaichana. Ya tatu ilikuwa ukurasa mmoja. Nilinakili kutoka kwenye daftari jinsi anavyoanguka na huchukua dakika ngapi, kisha nikaandika: "Akianguka mlazeni ubavu, wekeni kitu laini chini ya kichwa, ondoeni kilicho karibu kinachoweza kumuumiza. Msimshike kwa nguvu, msimtie kijiko wala kitambaa mdomoni. Tazameni saa. Zikipita dakika 5 apelekwe hospitali, nami nipigiwe. Mate yake hayaambukizi. Mimi nayafuta kila mara na sijaanguka hata siku moja." Mwisho nikaomba si huruma bali dawati lake.

Nilijibiwa baada ya wiki tatu, kwa mdomo, na si kwa furaha sana. Lakini alirudi. Mwalimu wake wa darasa aliubandika ule ukurasa nyuma ya mlango. Mwaka uliofuata alianguka mstarini nikaitwa. Nilipofika, nikiwa bado na futi ya kupimia shingoni, nilimkuta amelazwa ubavu juu ya sweta mbili, na kitoto kimoja cha kike kimechuchumaa pembeni kinaninyooshea kiganja. Kilikuwa kimeandika kwa kalamu: 2 na nusu.

Bado huanguka, mara moja au mbili kwa mwaka. Bado kuna miezi dirishani tunaambiwa dawa zimeisha, tukanunue nje, na daftari lina ukurasa wa malalamiko hayo pia. Nao nitampelekea mtu siku moja.

Siku hizi kalamu ameishika mwenyewe. Wiki iliyopita nilikuta ameandika, kwa herufi zake zinazolala kama zimechoka: "Jumatano saa 10 jioni. Nimeanguka, lakini ni kwa kuruka kamba. Hii usihesabu."